Sweta na Mwenyewe

Gédéon aliingia uani akiwa ameivaa.

Estelle alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sinia la glasi mikononi, na kwa muda hakuona kitu kingine chochote. Hakumwona mzee Bruno aliyetangulia na fimbo yake, wala katoni za vinywaji zilizobebwa kutoka Wamaza, wala hata uso wa huyo mwanamume ambaye shangazi yake alikuwa akimsifu tangu Pasaka. Aliona sweta tu. Sweta ya buluu, mstari mmoja wa njano kifuani, shingo ya kukunja mara mbili. Hapakuwa na kitanzi hata kimoja cha sweta ile ambacho hakikupita katika vidole vyake. Aliifuma miezi mitatu, na hakumfumia Gédéon.

"Tantine," alinong'ona, "ile triko ulisema umeifunga sandukuni."

Shangazi yake, Marcelline, alikuwa akipanga viti. Hakugeuka. "Triko ni triko. Mutu amepata zawadi, amevaa. Peleka glasi."

Inafaa niseme huyu Marcelline ni nani, maana bila yeye pasingekuwa na kisa. Ni dada ya baba yake Estelle, na ndiye aliyemlea tangu mama mtu, Régina, alipofariki. Miaka ishirini anauza mitumba katika soko la Kasongo. Katika biashara yake nguo haina mwenyewe: inatundikwa kwenye kamba, anakuja mrefu, anakuja mfupi, itakayemkaa ndiye anaondoka nayo. Kwa hiyo wiki mbili kabla, alipoikuta sweta kwenye kikapu cha Estelle na kujua inamwendea Faradji, mwendesha pikipiki wa njia ya Kabambare, kijana wa Kiislamu wa pale mjini, alipiga kelele siku mbili mfululizo, akaifungia sandukuni mwake pamoja na sindano za kufumia. Siku ya tatu alinyamaza, na Marcelline akinyamaza ujue kuna jambo. Aliitoa sweta sandukuni, akaituma Wamaza kwa mwalimu Gédéon na ujumbe mfupi: Estelle anakusalimu, amekufumia kwa mikono yake mwenyewe. Gédéon akaamini. Na nani asingeamini?

Sindano hakuzitoa. Hizo zilibaki sandukuni, na hilo ndilo lililomuuma Estelle karibu sawa na sweta yenyewe. Zilikuwa sindano za mama yake. Baba yake, Papa Roger, alizichonga mwenyewe zamani za ujana wake, kutoka vyuma vyembamba vya gurudumu la baiskeli, akazisugua kwenye jiwe mpaka zikang'aa, akampelekea Régina kabla hata hajajua jina la baba wa msichana huyo. Kwa sindano hizo Estelle alifuma kila alichofuma. Hakuuza. Mchana alifundisha watoto wadogo nyimbo na herufi, jioni alifumua masweta ya mitumba yaliyotoboka viwiko, akaufua uzi, akauning'iniza na jiwe ili unyooke, akaanza upya. Kikapu chake hakikuwahi kuwa na kitu kimoja. Wakati ule kilikuwa na soksi moja ya Papa ambayo mwenzake hajazaliwa, na kofia ya mtoto mchanga wa rafiki yake Chimène iliyobaki sikio moja. Mtoto alikuwa ameshaanza kukaa, na kofia bado inangoja.

Ilikuwa saa nane mchana, na jua la Kasongo halikuwa na huruma. Gédéon aliketi, jasho likimtiririka mashavuni, lakini sweta hakuivua. Aliivaa kwa heshima. Estelle alipomfikia na sinia, alimtazama kwa macho ya upole yaliyojaa shukrani, na Estelle akayakwepa, moyo ukimwuma. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi kumchukia.

"Papa Roger," alianza mzee Bruno, mjomba wa Gédéon na msemaji wa ugeni, "siye hatuna maneno mingi. Mutoto wenu alishasema yeye mwenyewe, tena bila kufungua mudomo. Angalieni kijana wetu alivyovaa!"

Watu wakapiga makofi. Gédéon akanyoosha mkono wa kushoto kupokea glasi, na mkono wa sweta ukapanda, ukaacha saa yake nje na kipande kizima cha mkono juu ya saa. Akauvuta chini taratibu. Ukapanda tena.

Mzee Bruno akaangua kicheko. "Lakini bibi harusi alisinzia fasi ya kushoto!"

Ua mzima ulicheka. Hata Papa Roger, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya misheni, mtu asiyecheka hovyo, alitabasamu.

"Ni kuhesabu tu," Marcelline akadakia haraka. "Ni mutoto bado, na akili yote iko kwa bwana. Atafumua mukono mumoja, atatengeneza. Si vile, Estelle?"

Estelle alikuwa mbali, kwenye mvua ya mwezi wa nne, chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, siku aliyompima Faradji.

Faradji siku zote alivaa shati la mikono mirefu na kukunja mkono wa kushoto, na watu walidhani ni maringo ya motari, kama waendesha pikipiki wanavyoitwa pale. Siku ile Estelle alitoa uzi wake wa kupimia, akafunga fundo begani na fundo kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Alipogeukia wa kushoto, Faradji akauficha nyuma.

"Pima mumoja tu. Mikono yote iko sawa."

"Nipe."

"Estelle, bana, acha."

"Nipe mukono, Faradji."

Akampa. Ndipo alipoona ulivyopinda chini ya kiwiko, na ulivyoishia vidole viwili kabla ya mwenzake. Pikipiki ilimwangusha kwenye daraja la magogo njiani kwenda Kabambare, miaka sita iliyopita, na mfupa ulishika vibaya. Aliueleza mkasa huo akitazama mvua, kama mtu anayekiri kosa.

"Ndiyo maana sivai nguo ya kushona," alisema. "Fundi wote wanauliza."

Estelle alifunga fundo la mkono huo, polepole, na vidole vyake vikabaki pale kwenye mfupa uliopinda kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. "Mukono wako hauna kosa," akamwambia. "Ni nguo ndizo zinakosea."

Faradji alimgeukia. Alimtazama tu, na tangu siku hiyo Estelle alijua kwamba hata akiambiwa achague mara mia atachagua macho yale.

"Estelle!" Sauti ya baba yake ilimrudisha uani. "Kuja hapa mbele."

Alisogea. Katoni zilikuwa katikati, hazijafunguliwa. Hii ndiyo saa ambayo msichana huulizwa mbele ya pande zote mbili, na jibu lake likishatoka halirudi. Akikubali, chupa zinafunguliwa na wazee wanakunywa. Wazee wakishakunywa, mambo mengine yote ni ya kupanga tarehe.

"Wageni wameleta vinywaji," alisema Papa Roger. "Sijagusa hata chupa moja. Weye ndiye unasema. Tufungue, ao tusifungue?"

"Mbele ya kufungua chupa, Papa, nataka kujibu neno la Tantine. Sikukosea."

"Hukukosea nini?"

"Ule mukono. Sikukosea kuhesabu."

Marcelline alikuwa ameshamfikia. Alimfinya kwenye ubavu, akitabasamu kwa wageni. "Sema tu umekosea," alimnong'oneza kwa meno. "Neno moja tu. Litapita, watu watakunywa. Unataka nini?"

Na kweli lilikuwa neno moja. Msichana kukosea hesabu ya sweta si aibu ya kumwua mtu. Angelisema, wageni wangecheka tena kidogo, na maisha yangesonga. Lakini Estelle alitazama ule mkono wa buluu uliokuwa ukimwonea Gédéon haya, akaona kwamba akisema amekosea atakuwa ameutukana mkono wa mtu mwingine mbele ya watu wote hawa. Hilo lilimpandisha hasira mpaka machozi.

"Nilihesabu mara tatu," alisema kwa nguvu. "Kuume mistari sitini na sita. Kushoto hamsini na nane. Ile nane niliiacha kwa kusudi."

"Kwa kusudi?" mzee Bruno aliuliza. "Nani anafuma mikono haiko sawa kwa kusudi?"

"Mwenye kumufumia mutu ambaye mikono yake haiko sawa."

Kicheko kilikatika. Gédéon akaiweka glasi yake chini. Alitazama mkono wake wa kushoto, akautazama wa kulia, na mtu akimwona alijua kwamba hesabu hiyo ameimaliza mwenyewe.

"Ni mutu gani?" Papa Roger aliuliza.

"Faradji, Papa. Motari wa Kabambare."

"Hapana!" Marcelline alipiga kelele. "Haiko hivyo! Huyu mutoto ana homa! Mutoto wa msikitini anaingilia wapi hapa?"

"Tantine, weye ulifungua kikapu yangu. Ulitoa kitu ya mutu ukamupa mutu. Mi sikutuma salamu Wamaza. Sikutuma triko." Akamgeukia Gédéon, na hapo sauti yake ikalainika. "Mwalimu, weye sina neno na weye. Walikudanganya, na walitumia kazi ya mikono yangu kukudanganya. Naomba unisamehe."

Gédéon alisimama. Aliivua sweta taratibu, shati lake chini yake limelowa lote. Hakuitupa. Aliikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akampita Marcelline aliyenyoosha mikono kuipokea, akampa Estelle mwenyewe.

"Hata wa kuume ulikuwa murefu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikunja ndani, nikasema nitazoea." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Mujomba, tuende. Chupa hazijafunguliwa. Hakuna mutu amekosa."

Wageni walipoanza kuinuka na minong'ono yao, Estelle aliishika sweta kifuani akaelekea kwenye njia ya kutokea.

"Estelle." Papa Roger hakupandisha sauti. Hakuwahi kupandisha sauti, hata darasani. "Umeniletea haya mbele ya watu. Ukitoka na hiyo nguo sasa hivi, usifikiri utarudi hapa sawa ulivyotoka."

Estelle alisimama, mgongo ukiwa kwa baba yake. Kisha akageuka ili amtazame usoni, maana hakutaka aseme baadaye kwamba alitoroka.

"Sikimbii, Papa. Ninarudi saa hii hii. Ninarudi na mwenye mikono."

Alipita sokoni na sweta mikononi, na watu walimwangalia, na yeye aliwaangalia vilevile. Faradji alikuwa kwenye maegesho ya pikipiki pamoja na wenzake, amekaa ubavu kwenye pikipiki yake. Alipomwona alishuka, kisha akaiona sweta, na uso wake ukafunga.

"Unaleta nini? Bwana wako ameichoka?"

Siku nne alikuwa kimya. Simu hakupokea, mtaani hakupita. Estelle alikuwa amelia usiku bila kujua kosa lake. Sasa alilijua.

"Ulimuona," alisema.

"Nilipeleka abiria Wamaza. Nilimuona mbele ya shule na triko yangu. Buluu yangu, njano yangu. Watoto wanamusifu. Nilirudi njia yote sioni njia."

"Na mukono wa kushoto? Uliuona?"

"Niliuona. Ulikuwa unapanda."

"Ulikuwa unapanda!" Estelle alilipuka, na motari wote wakageuza shingo. "Uliona mukono haumufikii, na hukujua kama haiko yake? Ulifikiri nilisahau mukono wako? Mi ningemupa mutu mwingine kipimo chako, Faradji? Tantine aliiba, akatuma. Na weye, ulinyamaza siku nne! Mi nimetoka kusimama mbele ya wazee, nimefukuza wageni, nimemufanya Papa asikie haya, na weye uko hapa umenuna sawa mutoto!"

Wenzake walikuwa kimya kabisa, na katika maegesho yale ukimya haukuwa jambo la kila siku.

"Nilikosa," alisema Faradji. "Nilisema moyoni, huyo ni mwalimu, mwenzao wa kanisa, mikono yake imenyooka. Nilisema ni haki yako kuchagua."

"Nilishachagua. Vaa."

"Hapa? Na jua hii?"

"Vaa, Faradji."

Akaivaa juu ya shati. Mkono wa kulia ukashuka ukaishia kwenye kifundo. Mkono wa kushoto ukafuata mpindo wa mfupa, ukapumzika, ukaishia kwenye kifundo vilevile, si zaidi, si pungufu. Faradji aliinyoosha mikono yote miwili mbele yake. Tangu alipovunjika alikuwa hajaona nguo ikimfika sawa pande zote.

"Eh, Faradji!" mmoja wa motari aliita. "Utaiva humo ndani!"

"Acha niive," alijibu bila kumwondolea Estelle macho. Kisha kwa sauti ya chini: "Na sasa?"

"Sasa tunaenda kwetu."

"Kwa baba yako? Nitasema nini? Anajua siwezi kuja kanisani kwake. Na Mama yangu akisikia, kwetu nako kutawaka."

"Kesho tutaenda kwa Mama yako, atapiga kelele, tutamusikiliza. Leo ni zamu ya kwetu. Usiseme kitu. Ingia tu na mikono."

Walipofika, wageni walikuwa wameondoka na katoni zao. Papa Roger alikuwa bado kwenye kiti kilekile, na Marcelline akikusanya viti kwa vishindo. Alipomwona Faradji akipiga hodi, aliachia kiti kikaanguka.

"Roger! Unaona? Amemuleta mupaka hapa!"

Papa Roger alimtazama kijana kuanzia viatu mpaka jasho la paji la uso. Faradji alisalimu, akaitikiwa kwa kichwa tu. Kisha mzee akasema kwa sauti ileile aliyowakagulia wanafunzi kucha kila Jumatatu, miaka thelathini na mmoja:

"Nyoosha mikono."

Faradji akanyoosha. Mkono wa kushoto aliunyoosha kadiri ulivyoweza, na kwa mara ya kwanza mbele ya mtu mzima hakuuficha. Papa Roger akainuka, akasogea, akainama kidogo. Aliangalia kifundo kimoja, akaangalia cha pili. Akalishika pindo la sweta kwa vidole viwili, akafuata mistari kwenda juu, midomo ikicheza. Estelle alimjua. Alikuwa anahesabu.

"Hamsini na nane," alisema.

"Ndiyo, Papa," alijibu Estelle.

"Ni nini ilikuvunja?"

"Daraja la Kabambare, Papa," alisema Faradji. "Miaka sita."

Mzee alikuwa ameuachia mkono wa sweta, lakini vidole vyake viwili bado vilikuwa vinasuguana, kidole kwa kidole, kama vinavyosugua chuma kwenye jiwe.

"Marcelline," alisema. "Mutoto hakukosea."

"Roger! Unasema nini? Huyu na huyu, haiwezekani! Wamaza watasema nini?"

"Sikusema nimekubali. Nitakuwa na maneno na hawa wawili, tena mingi, na wazazi wa huyu pia. Nimesema hakukosea." Alirudi kitini pake, akaketi kwa uzito. "Murudishie sindano zake. Sikuzichonga zikae sandukuni."

Marcelline alisimama akipumua kwa nguvu. Kisha akaingia ndani, na wakasikia kufuli, na kifuniko cha sanduku kikipigwa ukutani. Alitoka, akaziweka sindano mkononi mwa Estelle bila kumtazama.

"Na weye kijana, vua hiyo triko," Papa Roger alisema. "Utaangukia hapa kwangu."

Faradji alikuwa amelowa mpaka shingoni. Akapangusa paji la uso kwa kiganja, akamtazama Estelle, kisha akamtazama mzee.

"Kwa heshima yote, Papa. Leo sivui."

Estelle alikiinua kile kiti kilichoanguka, akakiweka pembeni ya mzee ili Faradji aketi. Kisha akaleta kikapu chake, akavuta kiti kingine cha wageni, akakaa bega kwa bega na Faradji mbele ya baba yake na mbele ya shangazi yake. Akaitoa ile kofia ya mtoto wa Chimène, akaanza kufuma sikio la pili.